Kundi la Wateja Wapendwa

Ninyi mnaoniambia kwamba matangazo ya mtandaoni ni kazi ya vijana, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Kazi hiyo nimeifanya Dar es Salaam mpaka nikastaafu. Kabla ya mtandao niliuza nafasi za matangazo ya redio, na kabla ya redio niliuza maandazi nje ya stesheni ya Kigoma ili nipate nauli ya kwenda kusoma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Stashahada yangu ya masoko niliilipia mwenyewe, nayo ipo ukutani sebuleni kwangu Ujiji, mahali ambapo mgeni akiingia anaiona kabla hajaniona mimi. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme nasema kwa kujisifu. Si nimeyatolea jasho?

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejenga, nikadhani sasa nitapumzika. Kumbe Rashidi, mtoto wa kaka yangu, amefungua ofisi ya matangazo hapa mjini Kigoma, mtaa wa Mwanga, ghorofani, juu ya duka la mabati. Kila wiki anapiga simu: Shangazi, pita kidogo utuangalizie. Napita. Vijana wote pale wananiita Shangazi, wananiwekea kiti kizuri, wananiletea chai. Na kila nikipita natoka kichwa kinaniuma, na sababu ni ile ile: majina.

Kwa asiyeijua kazi hii, nitaieleza kwa maneno machache. Duka likitaka kutangaza mtandaoni, halitangazii dunia nzima. Tunawagawa watu katika makundi: waliowahi kununua, waliouliza bei wakapotea, wanaokaa mjini, wanaokaa vijijini. Kila kundi linahifadhiwa kwenye akaunti ya matangazo kwa jina ulilolichagulia mwenyewe. Siku ya kutangaza unafungua akaunti, unakuta nafasi mbili: moja ya watakaoonyeshwa tangazo, nyingine ya wasioonyeshwa. Unachagua kundi kwa jina lake, unaliweka kwenye nafasi, unabofya. Mtandao haukuulizi kama una akili timamu. Ukikosea, wenyewe unakubali tu, na tangazo linaondoka.

Sasa sikieni nilichokikuta siku nilipofungua akaunti ya ofisi ya Rashidi. Kulikuwa na kundi linaitwa "Mpya". Chini yake "Mpya 2". Chini yake "Mpya kabisa". Kulikuwa na "Ya Gervas usiguse". Na kulikuwa na kundi moja linaitwa "Wale".

Nikauliza wale ni akina nani. Gervas, kijana wa Kidahwe mwenye vidole vyepesi kuliko mawazo yake, akasema, "Wale wa ile siku, Shangazi."

"Siku ipi?"

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama feni.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Ndani ya "Wale" kulikuwa na watu halisi, wenye simu na shughuli zao, na hakuna hata mmoja pale ofisini aliyejua kama ni wavuvi au ni maharusi.

Dar es Salaam nilikuwa na mkuu wa kitengo, Mzee Kimaro, mtu mkavu kama mkate wa juzi. Huyo ndiye aliyenifundisha. Ukitengeneza kundi jipya, hakusoma maelezo yako. Alifungua mlango, akamwita mhasibu kutoka chumba cha pili, akamwonyesha jina kwenye kompyuta na kumwuliza: humu kuna nani, na tunawataka kwa ajili gani? Mhasibu akijibu sawa, jina limepita. Akibabaika, unarudi kwenye kiti chako. Mhasibu mwenyewe alichukia mchezo huo, maana alikuwa na kazi zake, na mara nyingi alikuja akiwa bado ana kalamu mdomoni. Lakini Mzee Kimaro alikuwa akisema kwamba kama mtu wa chumba cha pili haelewi leo, wewe mwenyewe hutaelewa baada ya likizo. Na kweli, wapo waliorudi kutoka likizo wakayakodolea macho makundi yao kama wanaotazama picha ya darasa la kwanza.

Mimi nilipita karibu kila mara. Mwulizeni yeyote aliyekuwepo.

Mwenzangu mmoja hakupita, na kisa chake nimekisimulia mara nyingi kwa sababu kinahusu kwetu. Tulikuwa na mteja anayechukua dagaa wa huku ziwani, anawapakia vizuri kwenye mifuko na kuwauza Dar kwa bei ya Dar. Mwenzangu alipaswa kuwatafuta watu wa Kigoma wanaoishi Dar, wanaokumbuka chakula cha nyumbani. Alitengeneza makundi mawili: moja la hao, jingine la watu waliopo Kigoma penyewe, la mteja mwingine wa usafiri wa boti. Yote mawili akayaita "Kigoma", moja kwa herufi kubwa na jingine kwa herufi ndogo. Mnajua kilichotokea. Tangazo la dagaa lilikuja huku, mpaka mwaloni Katonga, mitumbwi inakoshusha samaki, likawakuta kina mama wakiwa na dagaa mikononi. Mmoja akaandika chini ya tangazo: "Jamani, mnatuuzia dagaa tuliowaanika wenyewe?" Mwingine akauliza kama bei hiyo ni ya gunia au ya dagaa mmoja mmoja. Ofisi nzima ilisoma. Mzee Kimaro alimwita mhasibu tu, akamwonyesha yale majina mawili, na mhasibu akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. Ninalotaka kuwasimulia sasa si la kuchekesha, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Ofisini kwa Rashidi kuna binti anaitwa Zaituni, wa Ujiji, mtaa wa pili kutoka kwangu. Ni binti mwenye adabu za kizamani. Akikusalimia anapiga goti kidogo hata akiwa amebeba kompyuta. Ni wa kwanza kwao kupata ajira ya mshahara, na mama yake analitaja jambo hilo kila anapokutana na mtu, hata kama mtu huyo amekuja kuuliza njia. Zaituni alikuwa akishughulikia matangazo ya Bi Shamsa, mwenye duka kubwa la nguo za watoto pale Mwanga.

Bi Shamsa ana utaratibu mzuri. Mama mjamzito akija kuagiza vitu vya mtoto, anaacha namba yake ya simu na kukubali kuletewa matangazo. Mtoto anavyokua, mama anaonyeshwa nguo za umri ule. Biashara nzuri, nami nimeisifu. Lakini wapo wanaokuja dukani baadaye, wao wenyewe au ndugu zao, wakasema kwa sauti ya chini: tafadhali, huyu msimwonyeshe tena. Hawaelezi zaidi. Hakuna haja ya kueleza.

Winfrida wa Bangwe alikuwa mmoja wao. Mimba ilifika, mtoto akazaliwa, hakukaa duniani. Dada yake ndiye aliyekwenda dukani kuomba jina la mdogo wake liondolewe, na Zaituni ndiye aliyepokea ombi. Akafanya vizuri kabisa: akakusanya namba za kina mama wote wa namna hiyo, akatengeneza kundi lao, na kila alipotangaza akaliweka kwenye ile nafasi ya wasioonyeshwa. Hilo ndilo hasa mtaalamu anapaswa kufanya.

Kisha akafika kwenye jina. Na hapo malezi ya Ujiji yakamshinda mtaalamu. Kwetu huku msiba wa mtu hautajwi ovyo. Ukipita nyumba iliyopatwa unasema "pole", unakaa, unanyamaza. Zaituni alishindwa kuandika neno lolote linalogusa jambo lenyewe. Akatafuta jina la heshima, jina la kuwafariji. Akaandika "Wateja Wapendwa".

Ndivyo kundi lilivyokaa, salama, kwa muda wote ambao Zaituni mwenyewe ndiye aliyekuwa akibofya.

Karibu na sikukuu, Zaituni akaomba ruhusa kwenda Kasulu kwenye harusi ya binamu yake. Bi Shamsa akataka tangazo la nguo za sikukuu litoke haraka. Gervas akakalia kiti. Akafungua akaunti, akashuka na orodha, akaona "Mpya", akaona "Mpya 2", akaona "Wateja Wapendwa". Akafurahi. Akaliweka kwenye nafasi ya watakaoonyeshwa, na kwa kuwa ni wapendwa, akawaongezea bajeti ili walione tangazo mara nyingi. Maneno ya tangazo yalikuwa haya: "Mteja wetu mpendwa, mtoto wako atavaa nini sikukuu hii?"

Nitawaacha mvute pumzi.

Siku iliyofuata dada yake Winfrida alikwenda dukani kwa Bi Shamsa. Hakupiga kelele. Alimwonyesha simu ya mdogo wake, akamwambia kwamba Winfrida amefungua simu kutafuta bei ya dagaa akakutana na swali hilo, na kwamba tangu hapo simu ameifunika kwa bakuli kana kwamba ni mdudu. Bi Shamsa akapanda ngazi za ofisi ya Rashidi akihema, akasema aliyetengeneza kundi hilo aondoke, ama yeye anaondoka na biashara yake.

Rashidi akaniita. Nilifika nikakuta tangazo limeshasimamishwa, Gervas amejikunyata, na Zaituni, aliyerudi kutoka Kasulu na hina ya harusi bado mikononi, anakusanya vitu vyake mezani. Hakuwa amejitetea kwa neno hata moja. Hakusema "si mimi niliyebofya". Nilimwuliza Gervas alifikiri nini.

"Shangazi, nani angeacha kuwaonyesha wateja wapendwa?" akasema.

Na mimi, pamoja na stashahada yangu, nikaona ana haki. Jina lilimwambia hivyo. Nikamgeukia Zaituni kwa hasira zote nilizopanda nazo ngazi. Nikamwambia jina si kadi ya pole. Jina ni maagizo kwa mtu asiyekuwepo ulipokuwa ukifikiri. Nikamwuliza kwa nini hakuandika kitu kinachoeleweka.

"Ningeandikaje, Shangazi? Niandike waliofiwa?"

"Wenyewe hawalioni jina. Linaonekana humu ofisini tu."

"Mimi naliona," akasema. "Kila asubuhi nikifungua kazi naliona."

Nikavuta kiti nikakaa, hasira nikaiweka chini. Kwa sababu binti alikuwa amekosea nusu tu. Msiba wa mtu kweli hauandikwi. Akaunti hizi hufunguliwa na watu wengi: karani wa duka, fundi wa kompyuta, mgeni anayefundishwa kazi. Hakuna sababu hata mmoja wao ajue kwamba namba fulani ni ya mama aliyezika. Na hata kanuni za mitandao zenyewe hazipendi uwagawe watu kwa maradhi na mikasa yao. Nimewaona vijana Dar wakiandika "wagonjwa wa sukari" na "walioachika" bila haya, nikawarudisha kwenye viti vyao. Kwa hiyo Zaituni alikuwa sahihi kuficha habari ya Winfrida. Kosa lake ni kwamba alipoificha habari, aliificha na kazi ya kundi pamoja nayo.

Lakini huwezi kumweleza hayo Bi Shamsa kabla hajatulia. Nikamwambia Rashidi asifanye lolote mpaka turudi. Kurudi kutoka wapi, akauliza. Nikamwambia kutoka Bangwe. Jambo kama hili halimalizwi kwa meseji. Zaituni akapita dukani akanunua sukari kwa fedha yake mwenyewe, na tukaenda.

Nyumbani hatukumkuta Winfrida. Tulielekezwa Katonga, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ngozi, vile nilivyoagwa navyo kazini, na mchanga ule haukujali. Tukamkuta mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, anageuza dagaa kwa kiganja, mstari baada ya mstari. Akatuitikia salamu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akatutazama vizuri na kuhamia Kiswahili. Nikamwambia mimi ni nani na nimetoka wapi. Nilipotaja tangazo, mkono wake ulisimama juu ya dagaa, halafu ukaendelea.

Zaituni akapiga goti pale pale mchangani. Nilikuwa nimemwandalia maneno njiani, maneno mazuri, nina uzoefu wa kuomba radhi kwa wateja wakubwa. Hakuyatumia. Akaeleza tu. Kwamba ombi la dada yake alilipokea yeye. Kwamba aliweka namba pembeni ili zisiguswe. Kwamba alishindwa kuliita kundi hilo jina lake la kweli, akaliita wapendwa, na mtu mwingine akasoma wapendwa akafikiri ni watu wa kupelekewa zawadi.

Winfrida akaendelea kugeuza. Jua lilikuwa kali na dagaa hawasubiri mazungumzo ya watu. Zaituni akainuka, akakunja mikono ya gauni, akaanza kugeuza upande wa pili wa kichanja, hina zake zikiingia magamba. Walifika mwisho wa mstari kwa pamoja. Mimi nilisimama. Sikujua niweke wapi sukari.

"Tupo wangapi humo?" Winfrida akauliza hatimaye.

Zaituni akamwambia kwamba wapo wengi kiasi.

"Nilidhani ni mimi peke yangu pale dukani." Akafuta uso kwa kiwiko. "Na wewe wanakufanya nini sasa?"

Nikajibu mimi: Bi Shamsa anataka aondoke.

"Aende wapi?" Winfrida akaniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyelitoa wazo hilo. "Huyu ndiye anayetujua. Mkimwondoa, wataingia wengine wafungue hiyo akaunti yenu, wasome wapendwa, watuulize tena mtoto atavaa nini. Hebu nipe simu."

Alimpigia Bi Shamsa kwa simu yangu, maana simu yake mwenyewe bado ilikuwa chini ya bakuli. Hakusogea pembeni, kwa hiyo nilisikia upande wake. Alisema yeye ni Winfrida wa Bangwe. Alisema ameombwa radhi na ameipokea. Alisema binti abaki, na kama ni kuondoka waondoe hilo jina. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Nadhani Bi Shamsa alikuwa akilia, yeye naye ni mama. Winfrida akasema, "Haya, ahsante, Mungu ni mwema," akanirudishia simu ikinuka samaki.

Basi nikamwambia Zaituni atoe simu yake, afungue akaunti, tubadilishe jina hapo hapo. Sikilizeni, vijana, maana hapa ndipo penye ufundi, na nimeulipia miaka mingi. Huandiki yaliyompata mtu. Unaandika kinachotakiwa kufanywa. Neno la kwanza liwe agizo, kwa sababu kwenye simu jina refu hukatwa mkia na anayeharakisha husoma mwanzo tu. Baada ya agizo unataja ni tangazo gani, kisha ni nani aliyetaka iwe hivyo. Usiandike "mpya", kwa kuwa kila kitu huchakaa. Usiandike jina lako, kwa kuwa utaomba ruhusa ya harusi. Nikamtajia naye akaandika: "USIWAONYESHE, nguo za watoto, wameomba wenyewe."

Hilo angelielewa mhasibu yeyote duniani. Hata Gervas angelielewa. Na Zaituni angeweza kulitazama kila asubuhi, kwa kuwa halikumvua mtu nguo. Niliridhika nalo sana, na nikasema hivyo kwa sauti.

Winfrida akaomba asomewe. Zaituni akamsomea. Akaomba asomewe tena, akiwa ameinama juu ya kichanja, anaokota majani yaliyoangukia dagaa.

"Ongezeni kitu," akasema.

Nikamwambia, kwa upole, kwamba jina limekamilika.

"Ongezeni 'mpaka waseme'. Wameomba wenyewe, mpaka waseme wenyewe." Hakututazama. "Mtu hawezi kujua ya kesho. Siku moja naweza kuja kusema nionyeshwe tena."

Zaituni alinitazama mimi. Kwenye skrini ya simu maneno hayo ya mwisho hayataonekana kabisa. Yatakatwa, hakuna atakayeyasoma asipoyafungulia makusudi. Kwa kanuni zangu zote, hayana kazi pale. Nilimwambia ayaandike.